Corona ilipomfungia ndani binti yetu mwanafunzi wa urubani

Mzazi mwenye mtoto anayesomea ualimu au uuguzi mbali na nyumbani hulala akiwaza ada, chakula na marafiki. Sisi tuliopeleka watoto kusomea urubani tuna jambo moja la ziada la kuwaza: saa. Mwanafunzi wa urubani hapimwi kwa miaka aliyokaa darasani tu, anapimwa kwa saa alizoruka, na kila saa ina bei yake. Ndege ikikaa chini, mtoto haendi mbele, hata akikesha na vitabu.

Binti yetu wa mwisho aliondoka Mbeya Januari 2020, akiwa na miaka 21, kwenda shule ya urubani iliyo karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Miezi miwili baadaye viwanja vya ndege vikafungwa. Hadi leo wazazi wenzangu sokoni huniuliza tulivukaje kipindi kile. Nimeona nijibu hapa, kwa sababu yaliyotusaidia yanaweza kumfaa hata mzazi ambaye mtoto wake hatapanda ndege maishani.

Kiwanja cha Uyole

Mume wangu ni dereva mstaafu wa treni ya TAZARA. Kwa miaka mingi maisha yake yalikuwa kwenye ile reli ya kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, Zambia. Mimi nauza vitenge Mwanjelwa. Kwetu hakuna aliyewahi kukaa mbele kwenye ndege, na mpaka mwaka ule hakuna aliyewahi kukaa hata nyuma.

Uwanja wa ndege wa Songwe ulipofunguliwa mwishoni mwa 2012, binti huyu alikuwa anamaliza shule ya msingi. Ndege zikaanza kupita juu yetu, naye akaanza kutoka nje mbio kila akisikia mngurumo. Tulidhani utoto. Alipofika kidato cha sita akiwa amechukua Fizikia, Jiografia na Hisabati, na bado anatoka nje mbio, baba yake aliniambia, "Huyu hatanii."

Tulichukua kilichobaki kwenye kiinua mgongo, tukauza kiwanja cha Uyole, mimi nikaongeza akiba ya kikoba. Kabla ya kulipa ada hata shilingi moja, alipimwa afya kwa daraja la marubani wa biashara. Tulishauriwa hivyo na kijana mmoja aliyekwisha kupita njia hiyo: kuna watoto wanaolipiwa mamilioni, halafu macho au moyo unagoma kwenye kipimo.

Maneno ya ndugu hayakukosekana. Shemeji yangu alisema mbele ya watu kwenye msiba, "Nyie pesa mmezirusha hewani." Watu wakacheka. Baba yake akajibu kwamba ndiyo kazi ya pesa hiyo, kuruka.

Ndege zikakaa chini

Machi 2020 binti alikuwa na saa 13. Kwa Afrika Kusini, leseni ya rubani binafsi inataka saa zisizopungua 45, na ile ya biashara, ambayo ndiyo ya kutafutia ajira, inataka 200. Alikuwa amekaribia hatua ambayo kila mwanafunzi anaiota: siku mwalimu anaposhuka, anafunga mlango na kumwacha aruke peke yake.

Machi 23 Rais Cyril Ramaphosa akatangaza kuwa nchi nzima itakaa ndani kwa siku 21, kuanzia usiku wa kuamkia Machi 27. Mtu alitoka kwa chakula, dawa au huduma ya lazima tu. Hata kukimbia mazoezi na kumtembeza mbwa vilikatazwa. Polisi na wanajeshi waliingia barabarani. Siku 21 zikaongezwa hadi mwisho wa Aprili, na Mei ilipofika watu wakaruhusiwa kufanya mazoezi kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, bila kwenda mbali na nyumba zao.

Kwetu mambo yalikuwa tofauti. Shule zilifungwa, lakini masoko, mabasi na nyumba za ibada viliendelea. Tulinawa kwenye ndoo za maji tiririka, tulijifukiza, tulivaa barakoa, na maisha yakasogea. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kwa majirani kuelewa. "Mbona asirudi tu nyumbani?" waliuliza. Arudi na nini? Aprili, Tanzania nayo ilisitisha ndege za abiria za kimataifa, na zilipofunguliwa Mei 18, za Afrika Kusini zilikuwa bado zimefungwa. Zilianza tena Oktoba 1. Kuna aliyetushauri aje kwa barabara kupitia Zimbabwe na Zambia. Mei hiyohiyo Zambia ikafunga mpaka wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, na biashara yangu ya vitenge ikasimama pia, kwa kuwa wateja wangu wengi walitoka upande ule.

Kulikuwa na afueni moja. Randi iliporomoka, mwanzoni mwa Aprili dola moja ilivuka randi 19, wakati Januari ilikuwa kama 14. Kwa hiyo shilingi zetu chache zilinunua randi nyingi kidogo. Mume wangu alikuwa akifuatilia viwango hivyo kila asubuhi kama watu wanavyofuatilia matokeo ya Simba na Yanga.

Sauti ya dakika moja

Binti aliishi nyumba moja na wanafunzi wenzake wawili, mmoja wa Botswana na mwingine wa Lubumbashi, Kongo. Huyu wa Kongo alizungumza Kiswahili, cha kwao, na mwanangu akawa anacheka kwenye simu akituigizia maneno yake. Walipika ugali kwa unga wa mahindi wa kule, wakabishana ni nani anajua kuusonga. Wiki za kwanza tulisikia vicheko hivyo tukashukuru Mungu.

Kisha vicheko vikapungua. Nilianza kugundua kuwa video haziwashwi tena. Majibu yakawa "niko poa mama", "nimekula", "nasoma". Mei, usiku, akanitumia sauti ya dakika moja kwenye WhatsApp. Alisema: "Mama, shikamoo. Naomba usimwambie baba. Nimechoka. Naona nimesahau kila kitu, nikifumba macho sioni hata dashibodi. Kampuni za ndege zinafunga, marubani wenye saa elfu kumi wanaachishwa kazi, mimi na saa zangu 13 nani ataniajiri? Kiwanja chenu nimekipoteza. Ningeacha tu."

Niliisikiliza mara tatu. Halafu nikampigia, nikamuuliza mambo matatu tu: leo umekula nini, jana ulilala saa ngapi, na hapo ulipo uko na nani. Alikuwa amekunywa chai. Alikuwa amelala alfajiri. Alikuwa peke yake chumbani, mlango umefungwa. Nikamwomba afungue mlango akakae jikoni na wenzake huku simu ikiwa hewani. Suala la kuacha au kutoacha sikuligusa usiku ule. Mtu hapimi safari ya miaka miwili saa sita usiku akiwa na njaa.

Kwa nini hakumwambia mtu

Kesho yake nilimuuliza kama kuna mkubwa yeyote wa kule aliyemweleza. Jibu lake lilinifundisha jambo ambalo nadhani kila mzazi wa mwanafunzi wa urubani anapaswa kulijua.

Rubani hupimwa afya kila baada ya muda. Kwa kijana mwenye daraja la juu la cheti cha afya, ni kila mwaka. Kwenye fomu kuna maswali kuhusu akili na hisia: umewahi kutibiwa msongo, unatumia dawa za usingizi, umewahi kumwona mtaalamu wa magonjwa ya akili. Maswali hayo yana sababu, kwani nyuma ya rubani kuna roho za watu. Lakini vijana wanayageuza kuwa kitisho. Wanaambiana wao kwa wao kwamba ukisema una huzuni, cheti kinaondoka, na cheti kikiondoka pesa ya wazazi imekwenda. Basi wanameza.

"Mama," aliniambia, "hapa kila mtu yuko poa. Ukiuliza, wote wako poa."

Nikaelewa kwamba katika kazi hii mtoto anaweza kuzungukwa na watu na bado akose pa kusemea. Sehemu pekee isiyo na fomu ni nyumbani. Nikamwambia hivyo: hapa kwetu hakuna fomu. Sema unavyotaka, lia unavyotaka, mimi siandiki popote.

Nilimwomba ruhusa nimweleze baba yake. Alikataa siku mbili, ya tatu akakubali. Mzee alichukua simu, akakaa kimya kidogo, kisha akamwambia kwa sauti yake ileile ya stesheni: "Mwanangu, mimi nimesimama kwenye ishara nyekundu porini Mlimba, usiku, masaa. Abiria wanapiga kelele, wanadhani treni imekufa. Treni haijafa. Injini inanguruma, breki imeshikwa, dereva yuko macho. Kusimama kwenye ishara ni sehemu ya kuendesha."

Hakuongeza neno. Lakini kuanzia hapo, tukimpigia, alikuwa anaanza kwa kusema, "Bado nyekundu, baba."

Alipozungumza na daktari anayewapima marubani, kwa simu, aliambiwa jambo lililomtua mzigo: kukumbuka nyumbani na kuwa na huzuni wakati dunia imefungwa hakumwondolei mtu cheti. Kinacholeta hatari ni kuficha mpaka ukubwa wa tatizo ushinde msaada. Akamwelekeza namna ya kupanga siku yake, na kumtaka apige tena baada ya wiki mbili. Alipiga.

Mfuniko wa sufuria

Marubani wana zoezi moja la zamani: kukaa kwenye kiti cha kawaida, kufumba macho na kuendesha safari nzima kwa mikono mitupu, toka kuwasha injini mpaka kuegesha. Mwalimu wake aliwahimiza walifanye kila siku. Binti alibandika ukutani picha kubwa ya dashibodi ya Cessna 172, akaweka kiti mbele yake, na kwa kuwa hakuwa na usukani akachukua mfuniko wa sufuria.

Kila siku saa moja usiku kwetu, ambayo kwao ni saa kumi na mbili jioni, alitupigia video. Alinitumia picha za orodha ya ukaguzi, ile karatasi ambayo rubani hairuki hata awe na miaka 30 kazini. Mimi nikawa nasoma mstari mmoja mmoja, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, naye anagusa kitu kwenye picha na kujibu. Swichi ya mafuta? Pande zote mbili. Mkanda? Umefungwa. Breki? Zimejaribiwa. Mkongomani alikuwa mnara wa kuongozea ndege, na alikuwa mnara mkali sana, anamnyima ruhusa ya kuruka bila sababu ili aone atajibu nini.

Mume wangu alianza kwa kupita tu nyuma yangu. Siku ya nne akavuta kiti. Aligundua kuwa treni na ndege ni ndugu: na yeye alikuwa hatoki stesheni bila kupima breki na kupewa ruhusa. Wakawa wanabishana kama mafundi wawili. Nilimsikia binti yangu akicheka tena, na safari hii alikuwa anamcheka baba yake aliyetaka kupiga honi kabla ya ndege kuondoka.

Wazazi wenzangu, sikuwa najua nusu ya ninachosoma. Lakini mtoto aliyedhani amesahau kila kitu alijikuta ana watu wawili wa kufundisha. Ukitaka kumrudishia kijana imani juu ya anachokisomea, mwombe akufundishe. Wiki ya tatu hakuhitaji tena picha ya ukutani.

Peke yake

Masharti yalilegezwa hatua kwa hatua, na katikati ya baridi ya kule shule ikaita wanafunzi warudi, kwa barakoa na vipimo vya joto. Hapo likaja suala la pesa. Mtu asiporuka kwa miezi, mikono hupoa, na lazima arudie baadhi ya masomo na mwalimu kabla ya kuendelea. Saa hizo za kurudia zilikuwa juu yetu. Tulikuwa tunalipa kwa awamu tangu mwanzo, na risiti zote zilikuwa kwenye faili moja, kwa hiyo tuliandika barua tukaeleza hali ya biashara na kuomba mpangilio. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa, wakakubali tulipe saa hizo kidogokidogo. Niliuza cherehani mbili.

Agosti, asubuhi moja ya baridi kavu, mwalimu alishuka. Kule ardhi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na ndege ndogo hupanda kwa kujivuta. Lakini bila uzito wa mwalimu, aliniambia baadaye, ilinyanyuka kuliko alivyoizoea, naye akajisikia anasema orodha kwa sauti, kwa Kiswahili, akijibu mistari kama vile mimi ndiye ninayemsomea. Mzunguko mmoja, dakika chache, akatua. Wenzake walimmwagia ndoo ya maji ya baridi, kama desturi yao ilivyo kwa kila anayeruka peke yake mara ya kwanza.

Alitutumia picha akiwa ameloa chapachapa, anatetemeka, meno yote nje. Chini yake aliandika maneno mawili: "Kijani, baba." Mzee aliangalia, akanirudishia simu, akaingia bafuni akafungulia maji kwa muda mrefu. Sikumuuliza.

Baada ya leseni

Ningependa kuwaambia kwamba kila kitu kikanyooka. Mwaka 2020 abiria wa ndege duniani walishuka kutoka takriban bilioni 4.5 mwaka uliotangulia hadi bilioni 1.8, kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Binti alirudi Mbeya mwanzoni mwa 2022 na leseni ya biashara mkononi, na soko la ajira lilikuwa bado linachechemea. Alifanya taratibu na mitihani ya kupata leseni ya Tanzania kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, akatuma maombi, akakaa. Alikaa miezi 14. Asubuhi alikuwa anafungua duka nami Mwanjelwa, anapima vitenge. Shemeji yangu alipita siku moja akanunua doti mbili, hakusema kitu.

Miezi ile 14 haikumvunja, na nadhani ni kwa sababu alishakaa kwenye ishara nyekundu akiwa mbali. Jioni alikaa uani na kile kiti chake. Safari hii mfuniko ulikuwa wangu, na niliudai kila nikitaka kupika.

Leo anarusha Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba watalii kwenda kwenye viwanja vya vumbi vya mbugani. Kuna siku kabla ya kutua wanapita chini kwanza kufukuza swala. Mshahara wa mwanzo si ule ambao watu mtaani wanaufikiria, na deni la saa za kurudia tulimaliza mwaka jana tu.

Kwa mzazi anayepanga kumpeleka mtoto njia hii, haya ndiyo ninayoyasema sokoni. Cheti cha afya kwanza, ada baadaye. Lipa kwa awamu, na uulize kwa maandishi nini kitatokea kwa pesa yako masomo yakisimama. Tenga akiba ya saa za ziada, kwa sababu wachache humaliza kwa saa za chini kabisa zilizoandikwa. Pata namba za simu za anaoishi nao, siyo za shule tu. Na mnapozungumza, pesa iwe jambo la mwisho kwenye simu. Ikianza yenyewe, mtoto atakujibu kama mdaiwa, na mdaiwa huwa hasemi ukweli wote.

Lakini kubwa ni lile la fomu. Vijana wetu wako vyuoni na makazini ambako kila udhaifu unaandikwa mahali. Wapo madaktari, walimu na washauri, na watoto waende kwao bila woga. Ila kwanza lazima iwepo sehemu moja ambako neno "nimechoka" halina gharama. Mwambie mwanao sehemu hiyo ipo, mwambie mapema, kabla hajaihitaji.